Chumvi ya Marereni: pesa iko kati ya digrii 25 na 29

Ukitaja madini hapa Pwani ya Kenya, watu hukimbilia titani ya Kwale. Mchanga ule ulianza kusafirishwa kutoka Likoni mwaka 2014, uchimbaji ukafungwa Desemba 2024, na miaka yote hiyo ulipakiwa melini ukiwa mchanga uliochujwa tu. Faida ya kuugeuza rangi ya nyumba waliipata wengine. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa, asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali, na mabishano mengi huishia kwenye hiyo 10. Ni haki kuidai. Ila sehemu kubwa ya faida ya madini kwa nchi hubaki kwenye kazi inayofanywa baada ya kuyatoa ardhini, mishahara, mifuko, lori, mafundi, na kazi hiyo ikifanyika ng'ambo hakuna asilimia itakayoifidia.

Ndiyo maana vikundi vinavyotaka kuingia kwenye madini tunavishauri vitazame chumvi kwanza. Ukitoka Malindi kwenda Garsen, ukishapita Mambrui na Gongoni, vilima vyeupe viko upande wa baharini hadi Marereni. Malighafi haiishi, moto ni jua, na kila hatua mpaka pakiti ya dukani inawezekana papa hapa.

Anzeni na hesabu. Lita 1,000 za maji ya bahari zina kilo 35 hivi za chumvichumvi za kila aina, na katika hizo chumvi ya kula ni kama kilo 27. Kwa karatasi, gunia la kilo 50 linataka chini ya lita 2,000. Shambani wekeni lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200, kwa sababu mengine hunywewa na udongo na mengine mtayamwaga wenyewe kwa makusudi, kama tutakavyoeleza.

Milango ya kuingizia maji hufunguliwa wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana. Maji mafu hayafiki. Kabla ya kufungua, tumbukizeni haidromita ya Baumé, kifaa kinachopima kwa digrii ukali wa chumvi ndani ya maji. Bahari safi husoma 3.5. Mto Sabaki ukifurika wakati wa kusi, maji yake yasiyo na chumvi, pamoja na tope, husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui, na mnaweza kusoma 2. Msifungue. Mtalazimika kukausha maji karibu maradufu kwa gunia lile lile.

Maji hupita bwawa hadi bwawa, na eneo la kukausha liwe karibu mara kumi ya majaruba, vile vidimbwi vya mwisho vya kuvunia chumvi. Kwenye digrii 13 hivi jasi huanza kushika chini, ile ngozi ngumu ya kijivu. Iacheni huko huko. Wenye haraka huingiza maji ya digrii 20 jarubani, jasi ikashikana na chumvi, na mnunuzi akiisugua kiganjani anahisi mchanga. Subirini 25. Hapo lita 1,000 zimebaki kama 100, na punje zinaanza kuelea juu kama makombo ya sukari kabla ya kuzama.

Kuanzia hapo pimeni kila siku, maana kwenye 29 au 30 maji lazima yatoke. Yanayobaki yamejaa magnesiamu, ni machungu, na ndiyo yanayofanya chumvi itoe jasho gunia likaloa ghalani. Kuyamwaga kunauma, chumvi bado imo ndani, na kibarua anayelipwa kwa gunia hatayamwaga asiposimamiwa. Kosa jingine halionekani kabisa: maji yenye joto la mchana husoma chini. Haidromita iliyotengenezwa kwa nyuzijoto 20, ikitumbukizwa kwenye maji ya 40, hudanganya kwa karibu digrii moja. Pimeni asubuhi.

Mvua ndiyo adui mkuu. Lita moja ya maji ya mvua huweza kuyeyusha gramu 360 za chumvi. Mvua ya milimita 10 tu, ikiwapata mmeshamwaga maji makali na chumvi iko wazi, inaweza kuondoka na kilo 3.6 kwa kila mita mraba. Kwa hekta moja hizo ni tani 36. Vuneni kaskazi, Disemba hadi Machi, na mwishoni mwa Machi msiache jaruba lililoiva eti liongezeke unene.

Chumvi ioshwe kwa maji ya chumvi yaliyoiva, kamwe si ya kisima, kisha irundikwe juu ya sakafu yenye mteremko ili machungu yachuruzike. Wengi huiuza hapo hapo kwenye rundo. Hasara iko hapo. Chumvi ya kula lazima iwe na iodini, inayozuia rovu (uvimbe wa shingo), na hesabu yake si ngumu: gramu 84 za potasiamu iodeti hubeba gramu 50 za iodini. Fuateni kiwango cha KEBS, shirika la viwango, kwa tani moja, yeyusheni kwenye maji kidogo, nyunyizeni huku chumvi ikigeuzwa. Msitumie iodaidi, aina nyingine ya iodini, eti kwa kuwa ni rahisi. Kwa joto na unyevu wa huku inapotea upesi.

Ardhi imeachwa mwisho, ingawa ndiyo huzaa kesi. Udongo uwe mfinyanzi: finyangeni kijiti chembamba, mkikikunja bila kupasuka, utashika maji. Mikoko isikatwe, na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, itangulie tingatinga. Visima kuingia chumvi ni kilio cha siku nyingi Magarini. Tume ya Haki za Binadamu ilikiandikia ripoti mwaka 2006. Pimeni chumvi ya kila kisima cha karibu kabla ya kujaza bwawa la kwanza, andikeni tarehe, na mwenye kisima abaki na nakala yake yenye sahihi zenu.