Dokta, uteuzi ukija usiondoke Mlimani bila barua

Juzi mhadhiri mmoja wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameniandikia: "Dada, uteuzi wangu wa uwaziri ukitangazwa usiku, asubuhi nianzie wapi?"

Anzia kwenye barua, mdogo wangu. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, cheo chako na tarehe ya kuanza vikiwa wazi. Kila mwanafunzi wako wa uzamili na uzamivu mwandikie ukurasa mmoja wa makabidhiano: amefika sura ya ngapi, nani anampokea. Wasiachwe yatima.

Uwaziri hauna mkataba wa miaka. Dkt. Asha-Rose Migiro, mwalimu wa sheria hapo hapo Mlimani, aliingia bungeni kwa Viti Maalum mwaka 2000. Januari 2006 akawa mwanamke wetu wa kwanza kuongoza Mambo ya Nje, na mwaka mmoja baadaye akaenda New York kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Yeye aliondoka kwa kupanda. Februari 2008 Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu kwa kashfa ya umeme ya Richmond na baraza zima likavunjika, hata wasiohusika. Na ukiwa mbunge wa kuteuliwa, katika zile nafasi 10 za Rais, huna hata jimbo la kurudi kuomba kura.

Fomu ya tamko la mali ya Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ijaze ndani ya siku 30, kisha kila mwisho wa Desemba. Wasomi hukwama hapa: wanaandika mshahara na gari, wanasahau kiwanja cha Goba kilicho kwa jina la mume. Mali ya mwenzi na ya watoto wadogo nayo inatajwa.

Wizarani, afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha, ni Katibu Mkuu, si wewe. Usiidhinishe malipo kwa mdomo. Dokezo sabili, yaani andiko la ndani la kuomba uamuzi wako, likija, usilisahihishe kama tasnifu, maana mafaili yatalala mezani wiki nzima na wizara itasimama. Soma aya ya mwisho, pale wanapoomba uamuzi, kisha rudi juu kutafuta kama sababu zinaubeba. Hazitoshi? Andika swali moja pembeni, weka saini na tarehe, lirudishe siku hiyo hiyo.

Bungeni Dodoma, jibu la swali la msingi la mbunge utaandikiwa. Maswali ya nyongeza ni yako peke yako, na Spika hana subira na mhadhara wa dakika hamsini. Kwa kila swali la msingi, jioni ya kuamkia siku hiyo, kaa na wataalamu mkisie mawili yatakayofuata, kila jibu mistari mitatu, lenye kiasi cha fedha na jina la kata.