Kulea watoto Uingereza, jibu kwa mnaoniuliza huko Tanga

Jamani tangu niseme kwenye grupu la familia kwamba nalea watoto wa watu hapa kwangu Leicester meseji hazikatiki, kila mmoja "da nifanyie mpango nami nije, si kulea watoto tu". Haya nawajibu wote kwa mpigo.

Kazi ipo, tena wazazi wanakutafuta wenyewe, maana toka Septemba 2025 wanaofanya kazi hapa England serikali inawalipia hadi masaa 30 ya malezi kwa wiki kwa mtoto wa kuanzia miezi 9, na machaildmainda (sisi tunaolea watoto wa watu majumbani kwetu) wamekuwa wakipungua mwaka hadi mwaka. Ila hiyo "kulea tu" ndo mnapokosea. Watoto wa chini ya miaka 8 mwisho 6, humo wa chini ya miaka 5 kwa kawaida wasizidi 3, na wako mwenyewe anahesabiwa, kwa hiyo mwenye wanawe wadogo wawili piga hesabu mwenyewe. Kabla ya hapo Ofsted (wakaguzi wa serikali wa shule na malezi) wakusajili, na polisi rekodi ziangaliwe, zako na za kila mwenye miaka 16 na zaidi anayeishi humo ndani.

Halafu kuandika! Juzi kamoja kalijikwaa kwenye zulia kakatoka kinundu. Kwetu unakakanda, unakapa andazi, yameisha. Hapa niliandika saa ngapi, kagonga wapi, nimekafanya nini, mama yake alivyokuja jioni akasaini.

Hela ukiigeuza shilingi inapendeza wallahi, lakini umejiajiri, ukiugua hulipwi, ukija Tanga kula Idi hulipwi, kodi juu yako, bima juu yako, hita inawaka kutwa. Na kutwa nzima mtu unayeongea naye ana miaka miwili (hilo mimi ndo linanichosha kuliko pampasi).

Sasa viza, ambayo ndo mnaitaka. Hakuna viza ya kazi hii. Viza ya kazi inataka mwajiri akudhamini, na huku unajiajiri. Mimi nilikuja kwa karatasi za mume. Akitokea mtu hapo Ngamiani anakwambia lete milioni kadhaa nikupeleke ukalee watoto Uingereza, huyo tapeli, usimpe hata ya chai.

Na wewe mdogo wangu wa Pongwe mwenye cheti cha chekechea, kitakufaa ukishakuwa huku kihalali, ila kozi ya huduma ya kwanza ya watoto, masaa 12, utasoma tu, na kila miaka 3 unarudia.