Barua kwa mwanangu: ukiitwa kuongoza idara ya upasuaji

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukikubali ukuu wa idara ya upasuaji pale chuoni utakuwa umeweka kisu chini, ubaki na vikao na mafaili. Una haki ya kuogopa. Miaka yote niliyofanya uuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, niliona mabingwa wakimezwa na ofisi.

Lakini mtazame Charles Drew, daktari mpasuaji mweusi wa Marekani. Wengi wanamjua kwa damu, maana mwaka 1940 alisimamia mpango wa kupeleka plazima, yaani majimaji ya damu, Uingereza wakati wa vita. Mimi namheshimu zaidi kwa yaliyofuata. Mwaka 1941 alishika idara ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington, enzi ambazo hospitali nyingi za Marekani hazikumpokea daktari mweusi kujifunza upasuaji. Akakaa na vijana, akawafundisha hadi alipofariki kwa ajali ya gari Aprili 1950, akiwa na miaka 45. Katika muda huo, zaidi ya nusu ya madaktari weusi waliopata ithibati ya ubingwa kutoka bodi ya upasuaji ya Marekani walikuwa wamepita mikononi mwake.

Na kufundisha kwenyewe ni kazi ya thieta. Kuna profesa mmoja niliyefanya naye kazi, akishanawa anasimama upande wa msaidizi, anamwachia rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, upande wa mpasuaji. Anashika ritrakta, chombo cha kuachamisha kidonda, macho hayabanduki kwenye vidole vya kijana. Fundo likilegea, hamnyang'anyi uzi. Anasema tu, "Rudia," na sote tunasubiri. Orodha ya upasuaji ya siku ilichelewa, tukanung'unika. Leo vijana wale wanapasua Kigoma, Singida na Mtwara, ambako zamani mgonjwa alipewa rufaa akafia njiani.

Kubali, mwanangu, ila kwa masharti. Siku zako mbili za thieta kila wiki ziandikwe kwenye barua ya uteuzi. Ahadi ya mdomo usiipokee. Kikao cha kujadili vifo na madhara kiongoze mwenyewe, na kesi ya kwanza iwe yako. Marezidenti wakimwona mkuu anahojiwa, nao wataeleza ukweli wa kesi zao.

Wanaosema hospitali binafsi zinalipa zaidi hawakudanganyi, na ada za watoto unazijua. Hilo kaa na mumeo mlizungumze. Barua ya uteuzi ikifika, nitumie niisome kabla hujatia saini.

Mama yako