Mifupa kama somo la pili

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma baiolojia. Natamani anthropolojia ya jinai iwe somo langu la pili, nijifunze kumtambua marehemu kwa mifupa yake. Baba anasema ni kuchezea ada. Unanishauri nini?
Mwanafunzi, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lichukue. Ila baba yako naye asikilizwe, maana somo hili peke yake halikupi ajira. Hata huko Marekani, anayetaka kuthibitishwa na bodi ya fani hiyo kwa daraja la juu sharti awe na shahada ya uzamivu. Kwa hiyo baiolojia ndiyo uishike kwa mikono miwili.

Sasa nikwambie kwa nini nalithamini. Siku moja panda basi uje Iringa, ufike Kalenga, ulitazame fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nao wakalichukua fuvu lake. Alifariki 1898, na Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, ukaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake. Halikurudi. Mwaka 1953 Edward Twining, gavana wa Tanganyika, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu chungu nzima. Lipi ni lake? Walipima upana wa kichwa na urefu wake, wakalinganisha na vichwa vya ndugu zake walio hai, wakachagua moja. Mwaka 1954 likafika Kalenga.

Mimi ni Mhehe, na jambo hili linanigusa. Lakini kipimo kile kinaweza kusema "huenda ni yeye" tu. Watu wengi wasio na undugu wowote wana vichwa vyenye uwiano uleule. Fani unayoitaka humfundisha mtu asichanganye "huenda ni yeye" na "ni yeye", awe mbele ya hakimu au mbele ya wafiwa. Wafiwa hasa.

Humo utakutana na mtulinga, mfupa unaotoka begani hadi kidarini. Ncha yake ya upande wa kidari ndiyo huchelewa kuungana kuliko mifupa mingine, mtu akiwa kwenye miaka ya ishirini. Ukiikuta bado haijashikana, umeshajua marehemu alikuwa kijana. Nyonga nayo, kwa mtu mzima, hukuambia kama ni mwanamke au mwanamume.

Kabla hujajaza fomu, nenda idarani uulize kama wanafunzi wanashika mifupa halisi maabara. Kama ni slaidi tupu, omba anatomia au akiolojia badala yake.