Pampu ya maji ibadilishwe pamoja na mkanda wa taimingi

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kubadilisha pampu ya maji unapobadilisha mkanda wa taimingi (unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa kufuatana na mwendo wa pistoni), ilhali pampu yenyewe haivuji. Ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo, nakushauri uibadilishe, kwa kuwa kazi kubwa iko katika kuufikia mkanda, na pampu ikianza kuvuja baadaye utalazimika kufungua kila kitu upya, tena kulanti (maji ya kupozea injini) ikiwa imekwisha kuulowesha mkanda mpya na kuuharibu. Badilisha pia tenshena (kifaa kinachoukaza mkanda) na roli zake; beringi iliyochoka huweza kukwama na kuukata mkanda, na katika injini nyingi hapo ndipo pistoni hugonga valvu.

Hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka, nami naithamini kuliko zote, ni kuzungusha krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa spana baada ya kufunga mkanda mpya, mizunguko 2 kamili kuelekea upande wake wa kawaida, kisha kuhakikisha kwamba alama za krankshafti na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) zimerudi mahali pake. Ukihisi kizuizi, usilazimishe. Fungua uanze upya. Kulanti ijazwe injini ikiwa imepoa, na hewa itolewe yote.