Swali la lugha: Poromoko la theluji, la barafu, au theluji kuanguka?

Swali: Ninafanya kazi hotelini Davos, Uswisi, na nimeombwa kuwaandikia wenzangu kwa Kiswahili tahadhari za kile Wajerumani wanachokiita Lawine, yaani theluji nyingi inayoporomoka mlimani kwa ghafla. Mmoja anasema "poromoko la barafu", mwingine "kuanguka kwa theluji". Ngazi ya 3 ya hatari nimeiita "wastani". Nimepatia?

Jibu: Andika poromoko la theluji, yakiwa mengi, maporomoko ya theluji. Kwa kuwa tumezoea maporomoko ya maji na ya ardhi, wengi hutumia wingi hata kwa tukio moja. Lililoangukia hoteli ya Rigopiano, Italia, tarehe 18 Januari 2017 na kuua watu 29 lilikuwa poromoko moja, basi "liliua", si "yaliua".

"Kuanguka kwa theluji" kutawapotosha wasomaji wako, maana theluji huanguka kila inaponyesha. Atakayesoma "hatari ya kuanguka kwa theluji" atachukua koti zito na kwenda zake mlimani. Kitenzi kinachobeba hatari ni kuporomoka.

Barafu nayo ni kitu kingine. Neno limetoka Kiajemi, barf, ambalo kwao ndiyo theluji hasa. Theluji yetu imetoka Kiarabu. Kiswahili kiliyapokea yote mawili, kikayagawia kazi: barafu ni ile ngumu iliyoganda, theluji ni ile laini inayotoka mawinguni. Mgawanyo huo una faida milimani. Tarehe 3 Julai 2022, katika mlima Marmolada, Italia, kipande cha mto wa barafu, yaani barafu nene inayosogea polepole mlimani, kilikatika kikaua watu 11. Hilo ndilo poromoko la barafu.

Ukihitaji kueleza aina, theluji isiyoshikamana huanzia nukta moja, ikapanuka kama pembetatu kadiri inavyoteremka. Ya kuogopwa zaidi ni bamba: theluji iliyoshikamana ikalalia tabaka dhaifu. Tabaka hilo likivunjika, hata kwa uzito wa mtu mmoja, bamba zima hubanduka kwa mkupuo na kuacha ukingo mkali juu ya mteremko. Kubanduka ndicho kitenzi chake. "Kuteleza" hakionyeshi kwamba kitu kimeachana na kilichokishikilia.

Sasa hiyo "wastani", ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kipimo cha Ulaya kina ngazi 5, na ya 3 iko katikati, lakini hatari haipandi kwa hatua sawa. Kijerumani huiita erheblich, yaani kubwa ya kutosha kumfanya mtu abadili njia, na sehemu kubwa ya vifo katika milima ya Alps hutokea siku za ngazi hiyo. Mimi ningeandika: 1 ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa, 4 kubwa sana, 5 ya kupindukia. Tarakimu usiiache kamwe, ili msomaji aweze kuilinganisha na tangazo la Kijerumani.

Hukuuliza, lakini usije ukaandika "aliyezikwa na theluji". Kwetu anayezikwa ni maiti. Huyu amefukiwa, na kazi ya wenzake ni kumfukua: kumtafuta kwa kifaa kinachonasa mawimbi ya redio kutoka kifaa alichovaa, kuchoma theluji kwa fito ndefu hadi wamguse, kisha kuchimba kwa sepetu. Akifukuliwa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi kubwa ya kupona. Baada ya hapo nafasi hupungua upesi, kwa sababu hukosa hewa.

Tangazo lako basi lisomeke hivi: "Hatari ya maporomoko ya theluji: ngazi ya 3, kubwa. Usipite kwenye miteremko ya nyuzi 30 na zaidi, wala chini yake."