Mleta mada, usiiwashe hiyo mashine ya aiskrimu kesho

Dada, simama hapo hapo. Umeandika mwenyewe kwamba bakuli la mashine umeliingiza jioni hii saa kumi na mbili kwenye kile kifriza cha juu cha friji ya mlango mmoja, kesho saa tatu asubuhi unaanza kuzungusha, na saa nane watoto 30 wanafika kula aiskrimu ya embe. Halafu unatuuliza utumie krimu au tui la nazi, na sukari kiasi gani. Nyumba inaungua, wewe unauliza pazia liwe la rangi gani!

Nakwambia kwa uchungu, maana mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye kipaimara cha binti yangu. Mashine ya bakuli la lita moja na nusu, nimeibeba Kariakoo kifua mbele. Kijana aliyeniuzia alinitazama machoni akasema, "Mama, masaa manne tu kwenye friji, unakula aiskrimu kama ya dukani." Kwenye friji! Hata neno friza hakulitaja. Namwombea maisha marefu yule kijana, friji ya mlango mmoja, na wageni wengi.

Kitu ambacho hakuniambia ni kwamba hizi mashine ndogo hazina ubaridi wowote. Ni mota inayozungusha, basi. Ubaridi wote unatoka kwenye bakuli. Kuta zake ni mbili, katikati kuna majimaji, na hayo majimaji yakishaganda kuwa jiwe ndiyo yanayonyonya joto la mchanganyiko wako. Yasipoganda, umenunua mwiko wa umeme.

Mimi nililaza bakuli usiku mmoja kwenye kifriza kama hicho chako, na kwa bahati yangu umeme ukakatika kwa kama saa mbili hivi. Asubuhi nikaligusa kwa nje, nikaona linauma vidole, nikasema tayari. Nikamimina embe dodo, krimu, maziwa. Dakika 20, uji. Dakika 40, uji wenye povu, na ukingoni utando mwembamba wa barafu ambao kila nikiukwangua unayeyuka. Nikaambiwa niwe na subira. Aliyeniambia ni yule mama wa kwenye video, ambaye bakuli lake bila shaka lililala siku tatu kabla ya kamera kuwashwa. Saa moja na nusu, mota ikaanza kunuka plastiki, kikorogeo kikasimama, na mashine haijazunguka tena hadi leo. Binti anawekea vibanio vya nywele lile bakuli.

Nikaukimbiza uji kwenye friza la jirani ili niokoe heshima. Ukatoka mgumu kama tofali, umejaa chembe za barafu, kwa sababu umeganda polepole bila kukorogwa. Ule uliobaki niliugawa kwenye vikombe. Mama mkwe akaonja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huu unanywewa na maandazi?" Nikamjibu ni mapishi ya Kihindi. Nilikuwa na lita sita za mchanganyiko, dada. SITA. Krimu ya madukani unaijua bei yake.

Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na wewe unalielekea na watoto wako 30. Bakuli moja ni mkupuo mmoja. Ukishatoa aiskrimu ya kwanza, bakuli limeshaishiwa ubaridi, linarudi friza siku nzima nyingine. Huwezi kuzungusha mara nne asubuhi moja hata uombe vipi.

Kwa hiyo shika hili: litikise. Umewahi kuchagua nazi sokoni? Nazi ukiitikisa ukasikia maji, unanunua. Bakuli ukilitikisa ukasikia maji, unalirudisha. Huangalii saa wala husikilizi muuzaji, unasikiliza bakuli. Kwenye friza la kweli, lile la nyuzi 18 chini ya sifuri, linataka kama saa 24. Kwenye hicho kisanduku chako cha barafu huenda lisigande kabisa hata likae wiki. Mpelekee mtu mwenye friza kubwa. Kama ni yule muuza samaki wa mtaani, lifunge mifuko miwili, usije ukawapa watoto aiskrimu ya kibua.

Mchanganyiko nao ulale kwenye friji usiku kucha, usimimine kitu cha uvuguvugu. Na washa kwanza ndipo umimine, la sivyo unagandia ukutani na kikorogeo kinakwama.

Kesho wanunulie watoto aiskrimu za dukani, wala hawatajua. Yako ifanye wiki ijayo, mkupuo mmoja kwa siku, unahifadhi kwenye makopo.

Tui linafaa, zito lile la kwanza. Haya, inuka sasa hivi ukalitikise, urudi utuambie umesikia nini.